Duka la vifaa vya kambi lipo Mtwara, kibao chake kimeandikwa "Zana za Uvuvi"

Mwezi wa sita ukikaribia, orodha za kambi huanza kuzunguka kwenye simu za walimu, viongozi wa skauti na vikundi vya vijana Mtwara na Lindi: hema, mfuko wa kulalia, jaketi zito, jiko dogo la gesi, vigingi vya hema. Mara nyingi orodha hiyo imenakiliwa kutoka kwa watu wanaopanda milima mirefu. Mnunuzi akiingia nayo mjini anaambiwa vitu hivyo havipo, aagize Dar es Salaam. Anaagiza. Mzigo unasafiri zaidi ya kilometa 500 kwa basi, unafika haujafunguliwa wala kujaribiwa, na usiku wa kwanza Msimbati vigingi vinachomoka mchangani kama miti ya mishikaki.

Vitu vinavyofaa kambi ya Kusini vinauzwa hapa hapa, ila havijapewa jina la vifaa vya kambi. Viko kwenye duka la zana za uvuvi, kwa wauza vifaa vya ujenzi, kwa wenye maturubai ya kuanikia korosho, kwenye mafungu ya mitumba na kwa fundi wa kuchomelea. Anayejua anachokitafuta atakusanya kambi nzima ya watu 10 kwa asubuhi moja, kwa miguu, na kila kitu atakuwa amekishika mkononi kabla ya kulipa.

Pwani hii ina kambi tangu zamani, na jina lake ni dago. Mvuvi anayekwenda dago huhama na chombo, akalala ufukweni majuma au miezi akifuata samaki. Hubeba turubai, kamba, chandarua, dumu la maji, sufuria, mkeka na taa. Ukiitazama orodha yake kwa makini utaona kila kilichomo kinapambana na jambo linalotokea kweli katika ukanda huu: jua, chumvi, mchanga, mbu, upepo wa kusi na mvua ya ghafla. Orodha ya mlimani inapambana na baridi. Hapo ndipo fedha zinapopotea.

Chukua mfuko wa kulalia. Mifuko mizuri huandikwa kiwango cha joto: nyuzi ambazo mtu atalala kwa raha, na nyuzi ambazo atavumilia tu. Mfuko unaouzwa kama "wa kawaida" huwa umetengenezwa kwa usiku wa nyuzi 5 au 10. Mtwara mjini, usiku wa Julai ambao ndio wa baridi kuliko yote, huwa karibu nyuzi 19 au 20. Mtu aliyejifungia ndani ya mfuko huo atatoka jasho, jasho litaingia kwenye pamba, na kwa unyevu wa pwani pamba hiyo haikauki hadi kambi iishe. Siku ya tatu inanuka, siku ya tano ina ukungu. Shuka mbili na kanga moja zinatosha ufukweni. Ukipanda Newala au Rondo, ambako uwanda uko juu ya mita 700 na ukungu hushuka alfajiri, ongeza blanketi jepesi na soksi.

Gesi ni vilevile. Yale majiko madogo ya kupandia milima hutumia mkebe unaofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, uliojazwa mchanganyiko maalumu wa gesi. Mchanganyiko huo upo kwa sababu butani ya kawaida huacha kugeuka hewa joto linapokaribia nyuzi 0, na jiko huzima. Sisi hatuna nyuzi 0. Mkebe wenyewe haupatikani kwenye maduka yetu ya kawaida, na kwenye ndege ya abiria hauruhusiwi kabisa, uwe mkononi au kwenye mzigo. Anayenunua jiko hilo amenunua kitu kisicho na chakula chake. Mtungi wa kilo 3 au kilo 6 wenye jiko la kukaa juu yake unajazwa kila mji wa mikoa hii miwili.

Sasa turubai, ambalo kwangu ndilo moyo wa kambi ya Kusini, na ndilo watu wanalonunua kwa macho tu. Maturubai ya plastiki iliyofumwa yamejaa madukani kwa sababu ya korosho na ufuta. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea analihitaji kama jembe. Yote yanang'aa, yote ya buluu au kijani, yote yamekunjwa vizuri. Tofauti iko kwenye uzito kwa mita ya mraba, na uzito huo unaweza kuupima mwenyewe. Omba mizani. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. Likiwa na kilo 4 na gramu 800, gawanya: gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Hilo ni turubai la kulala chini yake msimu mzima. Likiwa na kilo 2 na ushee kidogo, ni gramu 90, la kufunikia mzigo safari moja. Muuzaji akisema "hili ni zito, kaka, lishike", mjibu kwa heshima kwamba mkono haupimi gramu.

Baada ya mizani, tandaza na upime kwa futi. Vipimo vilivyoandikwa mara nyingi ni vya kitambaa kabla ya kukunjwa pindo, kwa hiyo "4 kwa 6" huwa pungufu ya hapo. Kisha kunja kona moja kwa nguvu, ikandamize kwa kucha, uikunjue. Ikibaki na mstari mweupe na nyuzi zimeanza kuonekana, plastiki ya juu ni nyembamba au imekwisha kupigwa na jua kwenye kibaraza cha duka. Turubai lisilowekewa kinga ya jua hukakamaa na kupukutika ndani ya miezi michache, hata kama halijawahi kufungwa popote. Kwa hiyo usichukue lile la juu kabisa lililoning'inizwa mlangoni kama tangazo. Pete za chuma pembeni nazo zitazame: zikiwa zimebanwa kwenye kitambaa kitupu bila kamba au utepe ndani ya pindo, upepo wa kwanza wa kusi utazing'oa moja baada ya nyingine.

Na hata pete zikiwa nzuri, usizitegemee peke yake. Chukua kokoto laini la ukubwa wa yai la kuku. Liweke upande wa chini wa turubai, kama sentimeta 15 kutoka pindoni, lifunike na turubai hadi litokeze upande wa juu kama kifundo, kisha zungushia kamba shingoni mwa kifundo hicho mara mbili na ufunge. Mkazo sasa umegawanyika kuzunguka kokoto zima badala ya kuvuta tundu moja. Kokoto lenye ncha litatoboa, kwa hiyo chagua la mtoni au la ufukweni lililosagwa na maji. Kwa turubai la 4 kwa 6 weka vifundo vinne kwenye kona na viwili katikati ya kila upande mrefu. Hiyo ni kazi ya dakika 20, na turubai hilo litakuja kuraruka mahali pengine kabla ya hapo ulipofunga.

Nguzo nunua. Mirunda na mianzi huuzwa kwa wauza vifaa vya ujenzi kwa bei ya kawaida. Msikate mikoko. Ni kosa kisheria kuikata bila kibali, na Msimbati yote iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako hata ruhusa ya kupiga kambi inaombwa. Mikoko ndiyo inayoshika ufuko mnaoulalia.

Kwenye duka la zana za uvuvi, kamba zimepangwa kwa unene, na hapa kosa ni rahisi kufanyika kwa sababu zote zinaitwa "kamba ya nailoni". Ziko za aina tatu kwa uchache. Ile ya rangi kali, ya kijani, ya chungwa au ya buluu, nyepesi na ngumu kidogo mkononi, mara nyingi ni polipropilini. Inaelea majini, ndiyo maana wavuvi huipenda kwa maboya. Jua huila: baada ya miezi kadhaa juu yake hutoka vumbi na nyuzi zake huchoma vidole. Nailoni halisi ni nyeupe na laini, ina nguvu sana, lakini hurefuka ikivutwa, na zaidi ikilowa. Paa la turubai lililokazwa nayo jioni litakuwa limelegea na kubeba dimbwi la maji usiku. Poliesta hurefuka kidogo na huvumilia jua kuliko zote mbili. Hiyo ndiyo ya kufungia turubai. Kupambanua, omba kipande cha urefu wa kidole ukitie kwenye kikombe cha maji na kukikamua chini ya maji hadi hewa yote itoke. Kikielea ni polipropilini. Kikizama, kivute mikononi: kinachorefuka kama mpira mgumu ni nailoni. Unene wa milimita 4 unatosha kwa kamba za pembeni, na milimita 8 kwa kamba kuu ya mgongo wa paa. Ncha zichomwe kwa kiberiti zisifumuke.

Katani nayo inauzwa, na mashamba yake ni sehemu ya historia ya Lindi na Mikindani. Ina kazi nyingi nzuri, ila si hii. Ikilowa hunenepa na kufupika, hivyo mvua ikinyesha inavuta vigingi na kuving'oa, kisha ikikauka inalegea. Ukilazimika kuitumia, ilegeze kabla mvua haijafika.

Vigingi vinataka ardhi mbili tofauti zifikiriwe. Kwenye ardhi ngumu ya Masasi na Nachingwea wakati wa kiangazi, vile vijiti vya waya vinavyokuja na hema hupinda kwa pigo la pili. Nenda kwa fundi wa kuchomelea na nondo ya milimita 10. Nondo moja ya mita 12 inatoa vigingi 30 vya sentimeta 40. Kila kimoja kina uzito wa takriban robo kilo. Mwambie akate ncha kwa mshazari na kupinda kichwa kama fimbo ya bakora. Kigingi kipigwe kikiwa kimelala kuelekea nje ya hema, si wima. Wakati wa kuondoka vihesabiwe, maana nondo iliyobaki ardhini inapasua tairi na miguu.

Mchangani, sahau kigingi chochote. Kilicho imara ni kiroba. Chukua kiroba kitupu cha kilo 25 au 50, kijaze mchanga hadi theluthi, kifunge mdomo, funga kamba katikati ya tumbo lake, kisha kichimbie shimo la kina cha nusu mita na kukilaza humo kikikingama na mwelekeo wa kamba. Fukia, kanyaga, mwagia maji. Kamba itoke ardhini kwa mshazari, na ukate mfereji mdogo ili isikate ukingo wa shimo. Vijana wawili hawawezi kuking'oa. Kinachoshindwa ni kiroba kilichofukiwa kifupi, sentimeta 20 tu, au kilichofukiwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, yale yanayopanda kuliko yote. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na mstari wa uchafu mkavu wa mwani ufukweni unaweza kuwa wa maji mafu ya juzi, yasiyopanda sana. Muulize mvuvi aliye karibu bamvua linafika wapi, usikisie.

Yapo mazingira ambayo turubai halifai. Anayetembea kwa mguu Rondo au akiwa safarini kwenye pori la Lukwika-Lumesule hawezi kubeba kilo 5 za plastiki na mirunda. Huyo anahitaji hema, na mahema yanauzwa: ya kujifungua yenyewe kwa chemchemi, na ya fito za kuingizwa kwenye mikono ya kitambaa. Dukani afanye haya. Kwanza aombe hema lifunguliwe lote na lisimamishwe, hata kama ni barazani. Duka lisilokubali kufungua, hapo asinunue. Pili apime sakafu. Hema la sentimeta 200 kwa 200 huandikwa "watu 4", yaani kila mtu nusu mita ya upana. Kwa joto letu hilo ni la watu wawili na mabegi yao. Tatu atafute namba ya milimita kwenye lebo. Namba hiyo ni kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa kinaweza kukizuia kabla hakijavuja. Paa liwe 1,500 au zaidi, na sakafu 3,000, kwa sababu goti la mtu aliyepiga magoti kwenye ardhi iliyolowa hukandamiza maji kwa nguvu kuliko mvua inavyopiga paa. Hema lisilo na namba yoyote lichukuliwe kama kivuli.

Nne, mishono. Ageuze ndani nje na atazame kama kuna utepe mwangavu uliobandikwa juu ya kila mshono wa paa. Bila huo, maji hupita kwenye matundu ya sindano hata kama kitambaa ni kizuri. Tano, paa la nje lishuke karibu na ardhi na liache nafasi ya kiganja kati yake na chumba cha ndani. Hapa ndipo lawama nyingi huelekezwa pasipostahili. Mtu anaamka amelowa, anasema hema linavuja, kumbe ni pumzi yake na ya wenzake iliyogonga kitambaa baridi na kugeuka matone. Kwa unyevu wa pwani hema la tabaka moja litafanya hivyo kila usiku usio na upepo. Dawa ni madirisha ya wavu pande mbili zinazotazamana, yafunguliwe. Na mlango usielekezwe kusini mashariki kati ya Mei na Septemba, maana huko ndiko kusi inakotoka.

Fito za fibaglasi hupasuka kwa urefu na kuacha miiba isiyoonekana mkononi. Nunua kipande cha bomba jembamba la chuma la sentimeta 10 linaloweza kuvishwa juu ya fito. Ikivunjika, bomba hilo linavishwa juu ya jeraha na kufungwa kwa utepe. Uzi wa mpira wa ndani ukichoka, duka la vifaa vya cherehani lina mpira wa mduara wa kuubadilisha.

Chandarua hakina mjadala: mikoa yetu iko kati ya yenye malaria nyingi nchini. Chukua cha pembe nne, kile cha mduara kinataka ndoano moja juu na kinawagusa walalaji pembeni, na mbu huuma kupitia palipogusana na ngozi. Weka rula: inchi moja iwe na matundu 12 au zaidi. Kifungwe chini ya turubai kwa kamba nne, pindo liingie chini ya mkeka. Mkeka wa ukindu, kwa njia, ni bora kuliko godoro la upepo, ambalo mchanga na miiba vitalitoboa.

Mitumba inataka jicho zaidi, na hapo ndipo theluji inapofika Mtwara. Ndani ya belo za majaketi kutoka Ulaya, Marekani na Asia mna majaketi ya kuteleza kwenye theluji, na wengi hawayatambui. Alama zake ni hizi: sketi ya mpira ndani kiunoni yenye vifungo vya kubana, mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto karibu na kiganja wa kuwekea kadi ya kupandia mlimani, kofia pana ya kuvaliwa juu ya helmeti, na mikono mirefu ya kufunika glavu. Dereva wa bodaboda wa alfajiri amekwisha kugundua faida ya sketi hiyo: inazuia upepo usipande tumboni. Kwa kambi jaketi zima ni joto mno, lakini fundi cherehani anaweza kutoa pamba ya ndani na kubakiza ganda, na ganda hilo ni koti la mvua lenye zipu na mifuko ambalo jipya lake ni ghali sana.

Sharti ganda liwe hai. Vitambaa hivi huzuia maji kwa utando mwembamba wa ndani, na utando huo huzeeka kwa joto na unyevu, ukachubuka kama ngozi ya nyoka. Ingiza mkono kwenye mfuko wa ndani au mahali bitana ilipofumuka, sugua sehemu ya mabega na shingo. Ukitoka na chembe nyeupe vidoleni, au ukisikia kama karatasi inakwaruzana, lirudishe fungu. Hakuna fundi wa kurudisha utando. Likionekana zima, mimina kijiko cha maji begani, weka karatasi laini kwa ndani, subiri dakika 5. Karatasi ikiwa kavu, nunua. Maji yakisambaa juu ya kitambaa badala ya kujiviringa si hoja ya kuliacha. Lifue kwa sabuni kidogo ya maji bila dawa ya kulainisha nguo, lisuuze sana, kisha lipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kanga. Joto huamsha dawa ya juu inayofukuza maji.

Anayekwenda Kilimanjaro, mita 5,895, ndiye pekee anayelihitaji jaketi hilo na pamba yake. Hata huyo, vingine vyote akodi Moshi kuliko kununua kitu cha siku 6.

Viatu vya kupandia mlima kwenye mitumba vina ugonjwa unaofanana na wa majaketi. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka la sponji gumu la poliyurethani. Unyevu wa hewa hulivunja polepole hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, na kiatu chenye ngozi inayong'aa hubwaga soli kilometa ya pili. Bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba pembeni: likibonyea bila kurudi, likinata, au likionyesha nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, liache. Gundi haisaidii, kwa sababu kilichooza si gundi. Kwa kambi nyingi za huku raba ngumu ya kufunga kamba inatosha. Kwenye matumbawe vaa viatu vya plastiki vilivyofunikwa vidole, na porini penye miiba katambuga ya tairi hushinda soli nyingi za kigeni.

Zipu, za hema au begi, ziwe za plastiki. Za chuma chumvi huzikamata. Zisugue kwa mshumaa kabla ya safari, na zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mkirudi.

Kuhusu taa, uongo mwingi umeandikwa kwenye maboksi. Betri ile ndefu kiasi ya kuchaji, aina ya 18650, haijawahi kubeba zaidi ya mAh (kipimo cha chaji ya betri) 4,000 au karibu na hapo. Iliyoandikwa 9,900 inadanganya. Sonara ana mizani: betri halisi ina gramu 45 na kuendelea, ya kughushi mara nyingi ni 30 au chini. Pawabanki ya mAh 20,000 ya kweli huwa na uzito wa gramu 350 hadi 450, na kwa sababu ya upotevu wa kubadili umeme itaipa simu kama theluthi mbili tu ya namba hiyo. Panga hesabu yako kwa theluthi mbili.

Mtungi wa gesi upimwe mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, toa kwenye uzito wa mizani, kilichobaki ndicho ulicholipia. Jiko likiwaka kwa nguvu hula gramu 150 hadi 200 kwa saa, kwa hiyo kilo 3 ni saa 15 hadi 20. Paka povu la sabuni kwenye koki baada ya kufunga jiko. Mapovu yakikua, usiwashe. Wala mkaa wala gesi visiwashwe ndani ya hema, hata mvua ikinyesha: moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini bila kuwapa dalili. Maji, tenga lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia tu, kwenye madumu mapya ya lita 10. Dumu la lita 20 likijaa linashinda mkono wa mtoto na ndilo linalomwagika. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halisafiki.

Kuna wanaosema kuagiza ni rahisi na bei ni nafuu. Kwa pawabanki nzuri au hema jepesi, huenda. Lakini hema lililoagizwa likija na fito pungufu unaanza safari ya kulirudisha ambayo inaisha baada ya kambi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga na mizigo ikakaa upande wa pili. Duka la mtaani lina mtu unayeweza kumrudia kesho yake ukiwa na risiti. Taasisi hasa zidai risiti hiyo, na zinunue Mei au Juni, kabla wakulima hawajayamaliza maturubai kwa ajili ya korosho za Oktoba.

Wenye maduka nao wana deni. Anayeuza zana za uvuvi anaweza kutenga rafu moja na kuandika juu yake "Kambi": kamba ya poliesta ya milimita 4 iliyokatwa mita 3 na kuchomwa ncha, vigingi vya nondo kwa mafungu ya 10, viroba vitupu, vyandarua vya pembe nne vyenye kamba zake, mikeka, tochi za kichwani zilizokwisha kuwashwa na kujaribiwa, maturubai yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito gramu zake kwa mita ya mraba. Na hema moja lililosimamishwa barazani muda wote, la kufunguliwa na kila anayetaka, ambalo siku za kambi za shule linakodishwa pamoja na mengine manne yaliyo stoo.